Mkono Wangu Ulivyokwenda Kuwekewa Umeme

Ndiyo, ni kweli: walinitoboa kichwa nikiwa macho, tena nikiongea. Nimeanza na jibu hilo kwa sababu tangu nirudi Mabawe hakuna Jumapili niliyotoka kanisani bila kuulizwa, na kila nikijibu, mtu wa nyuma husema hakusikia vizuri, nianze upya. Kwa hiyo nimeandika. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Habari za pasipoti, barua na michango ya wasamaria nimeziacha. Zilinichosha mimi mwenyewe, sioni kwa nini ziwachoshe na ninyi.

Kabla ya kuondoka: kibuyu cha Mzee Fabiani

Wengi mnaujua mkono wangu wa kulia. Ukiuacha juu ya goti, unatulia kama mbuzi aliyeshiba. Uuambie ushike chaki, kijiko au kikombe, hapo hapo unaanza kucheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga. Wa kushoto nao hucheza, ila kidogo. Baba yangu alikuwa na mkono wa namna hiyo hiyo. Shuleni wanafunzi wangu waliuzoea mwandiko wangu, wakausoma bila shida. Wageni ndio waliodhani ubaoni nimechora ramani ya mito.

Sasa sikilizeni jambo moja la ajabu la ugonjwa huu, maana ndilo lililoniponza. Nikinywa pombe ya ndizi mafunda machache, mkono hutulia kwa muda. Kisha pombe ikiisha mwilini, ngoma inarudi. Majirani waliona nini? Waliona mwalimu anayetetemeka kabla ya kunywa na kutulia baada ya kunywa. Hata mimi ningekuwa jirani yangu, ningesema: huyu ni mlevi, tena wa kiwango cha juu.

Ndipo wakaja wageni kutoka Nyarubungo, kule Biharamulo, kumposa binti yangu Konsolata. Mkuu wa msafara alikuwa baba wa kijana, Mzee Fabiani, mtu mrefu mwenye koti la kijivu analolipenda kuliko ng'ombe wake. Kwetu, kama mjuavyo, mgeni hawekewi kibuyu tu akaambiwa kunywa. Mwenyeji huonja kwanza mbele ya macho yake, ili aone kwamba kilichomo hakina sumu wala chuki. Kisha humpa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Mtu akikupa bila kuonja, unajiuliza amekosewa nini na nani.

Niliinua kibuyu nionje. Mkono ukaamka. Nusu ya pombe iliingia shingoni mwangu, na nusu nyingine, nilipojitahidi kumpa Mzee Fabiani, ikaenda kwenye lile koti.

Alijifuta taratibu. Akasema, "Mwalimu, tutarudi baada ya mavuno ya kahawa. Siku hiyo tungependa kumkuta baba wa binti akiwa mzima."

Nje nikamsikia mmoja wao akinong'ona, "Alikuwa ameshaanza kabla yetu." Na mwingine: "Mjukuu huchota kwa babu. Tutalea walevi?"

Konsolata alichukua kitambaa akapangusa sakafu. Alipangusa mahali palepale hata baada ya pombe kwisha, na mimi nikakaa nikimtazama, mkono wangu umelala juu ya goti, mpole kabisa, kana kwamba si wenyewe uliofanya.

Mabawe hadi Ngara mjini

Mnakumbuka miaka ile: makambi yamejaa, malori ya chakula yanapita mchana kutwa, vumbi limefanya migomba yote ya barabarani iwe ya rangi moja. Wakati wa likizo nilikuwa nakwenda hospitali ya kambini kusaidia kutafsiri, kwa kuwa Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Siku hiyo alikuwapo daktari mgeni wa mishipa ya fahamu. Nikammiminia chai. Chai ikaenda kila mahali isipokuwa kikombeni.

Hakukasirika. Aliniambia nichore duara juu ya karatasi, akatazama kile kiazi nilichochora, akaniuliza habari za baba yangu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Ukinywa pombe kidogo, mkono unatulia?"

Nilitazama mlango. "Ndiyo," nikasema.

Akapiga kofi juu ya meza. "Basi wewe si mlevi. Wewe ni mgonjwa!"

Jamani, sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa ninaumwa.

Akanieleza, nami nawaeleza kama alivyonieleza. Ndani kabisa ya ubongo kuna mahali panapopokea na kupeleka amri za mwendo. Kwangu mimi mahali hapo panapiga mdundo usiotakiwa, kama mtu mmoja kwenye kwaya anayeimba wimbo wake. Dawa zilijaribiwa, ziliniacha nikisinzia mbele ya darasa la nne. Lakini sasa wapo mafundi wanaopitisha waya mwembamba hadi hapo mahali, wakauunganisha na betri inayolazwa chini ya ngozi ya kifua. Umeme kidogo sana unakwenda, mchana na usiku, kumnyamazisha yule mwimbaji. Haumponyi; unamnyamazisha tu. Ukizima betri, anaanza tena.

Mafundi wa karibu zaidi ambao yeye aliwafahamu walikuwa India.

Mwenzangu wa safari alikuwa Salum, mwenye duka la vitambaa Ngara mjini. Babu yake alitoka pwani na misafara ya biashara, akaishia kwetu kwa sababu, kama Salum anavyosema, viatu vilimwishia. Tumetaniana tangu ujana. Salum alishawahi kwenda India kununua vitambaa, na Kiingereza chake cha sokoni kina nguvu kuliko changu cha kitabuni.

Mke wangu alitufikisha stendi. "Shemeji Salum," akamwambia, "mrudishe kama alivyo."

"Kama alivyo?" Salum akashangaa. "Mama Konso, sasa tunakwenda kufanya nini?"

Ngara hadi Biharamulo: tunasubiri bunduki

Pori la kati ya kwetu na Biharamulo lilikuwa na majambazi wakati huo, hivyo magari hayakuruhusiwa kupita moja moja. Yalikusanywa kwenye kizuizi, polisi wenye bunduki wakapanda la mbele na la nyuma, ndipo msafara ukaondoka. Tatizo ni kwamba polisi walisubiri magari yawe mengi, na magari yalisubiri kusikia kuwa polisi wamefika. Tulikaa hapo tangu umande hadi jua la utosini, tukila mahindi ya kuchoma na kusikiliza kila mtu akisimulia jinsi binamu yake alivyotekwa.

Askari mmoja kijana akapita akikagua abiria. Aliponifikia nilikuwa nimeinua hindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona unatetemeka?"

"Ni ugonjwa."

"Unatetemeka kwa sababu umeniona mimi?"

"Hapana, kwa sababu nimeliona hindi."

Hakupenda jibu hilo. Nilishushwa, mfuko wangu ukamwagwa chini: shati, rozari, viazi vya kuchemsha, na picha ya Konsolata ya kipaimara. Kila alivyonikazia macho ndivyo mkono ulivyozidi, maana ugonjwa huu ukitazamwa hupata kiburi. Salum akashuka nyuma yangu.

"Afande," akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "huyu akiwa jambazi, bunduki yake itawaua waliokaa nyumbani kwao."

Askari akacheka bila kutaka, akaniambia nikusanye vitu vyangu.

Kando ya kizuizi alikuwapo mama mmoja Mrundi, mkazi wa kambini, aliyekuwa akiuza pombe ya ndizi. Alikuwa ameona yote. Aliniita kwa lugha yao, nami nikajibu kwa yetu, na tukaelewana bila kuazima neno. Baba yake, akasema, alikuwa na mkono kama wangu, na walimzika mkono ukiwa umetulia kwa mara ya kwanza. Akachota pombe kwenye kibuyu kidogo. Akaonja yeye, akaniangalia machoni, ndipo akanipa. Alikuwa amekimbia vita, amepoteza nyumba na shamba, na bado alionja kwanza kwa ajili ya mtu asiyemjua. Nikanywa. Mkono ukatulia. Yule askari akapita tena, akautazama mkono, akakitazama kibuyu, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jawabu lake.

Nilitaka kumweleza, lakini msafara ulikuwa unaondoka.

Biharamulo hadi angani

Biharamulo tulilala kwa binamu ya Salum, tukala wali na samaki wa ziwani. Salum alinisihi tusipite barabara ya Nyarubungo mchana, tusije tukakutana na lile koti. Kisha basi, kivuko, Mwanza, na treni hadi Dar es Salaam. Treni ni gari linalonifaa: kila abiria anatetemeka, hakuna anayemcheka mwenzake.

Ndani ya ndege waliniletea chakula katika visahani vidogo vilivyofungwa kama zawadi. Jirani yangu, mama mnene wa Kihindi aliyevaa bangili nyingi, aliniona nikipigana na karatasi ya siagi. Bila kuuliza akanifungulia kila kitu, akanikatia kuku, akanipaka siagi kwenye mkate. Nilikaa nimetulia kama mtoto wa chekechea. Salum, upande wa pili, akamnyooshea na yeye kisahani chake. Yule mama akamtazama mikono yote miwili, mizima kabisa, akamrudishia.

Mji wa watu wanaotikisa kichwa

Mji wenyewe uko kusini mwa India. Nina jambo la aibu la kuwaambia kuhusu siku ya kwanza. Nilimuuliza dereva kama anaijua hospitali. Akatikisa kichwa, huku na huku, taratibu. Mlinzi wa hospitali, vilevile. Mfamasia, vilevile. Nikamshika Salum mkono.

"Salum, mji mzima unaumwa! Hawa wameshikwa kichwani."

"Mwalimu, nyamaza. Hiyo maana yake ndiyo."

Ndiyo! Kumbe ndivyo wanavyokubali. Nanyi mnajua kwamba mimi, nikichoka, hata kichwa changu hutikisika kidogo. Sasa fikirini kilichotokea mgahawani. Kule wanakula juu ya jani la mgomba. Nilipoliona nusura nilie. Jani ambalo kwetu tunafunikia chungu, wao wanalitandika mezani kama sahani ya sikukuu! Mhudumu akaja na ndoo ya wali, akaniuliza kama aniongezee. Kichwa changu kikajibu chenyewe. Akaongeza. Akaja wa mchuzi, kichwa kikakubali. Akaja wa dengu, kikakubali tena. Nilijaribu kusema hapana kwa mkono, nao mkono ukapunga kama unaoita wahudumu wengine. Salum hakunisaidia. Alikuwa ameweka paji la uso mezani, mabega yanamtetemeka kuliko yangu.

Hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho ya kucheka mchana na mdomo umejaa, kwa sababu mwezi wa Ramadhani uliandama. Nilimkumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Hata mimi Mkatoliki nilijua hilo.

"Ruhusa ni ya wanyonge," akasema. "Tangu nibalehe sijaacha siku hata moja. Nikiugua nafunga, nikisafiri nafunga. Nikirudi Ngara nitawaambia msikitini: nimefunga India, kati ya masufuria ya biriani."

Basi ikawa hivyo. Mimi nikila, yeye ananitazama kwa huruma kama mtu anayetazama mbuzi malishoni.

Siku tuliyoonana na daktari mpasuaji, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, alirudia lile swali la pombe. Salum ndiye alikuwa akitafsiri pale Kiingereza changu kilipokwama. Akafunga macho.

"Mwalimu, Mungu anaona unachonifanyia. Nimefunga, na nimesimama hapa namwambia daktari kwamba pombe ni nzuri."

"Mwambie pia mafunda mangapi."

"Hilo atakisia mwenyewe."

Chumba cha baridi

Sasa tumefika pale mnapopataka.

Walininyoa nywele zote. Walinifunga kichwani fremu ya chuma, imebanwa na skrubu nne baada ya sindano za ganzi, ili kichwa kisisogee hata upana wa punje ya ulezi. Msiogope: ganzi ikishaingia unasikia kubanwa tu, kama kofia ya mtu mwingine. Kisha kekee. Hiyo sauti sitawadanganya, haipendezi. Unaisikia kutoka ndani, kana kwamba seremala amehamia kwako. Lakini haiumi, na ubongo wenyewe, mtashangaa, hauna maumivu kabisa. Kitu kinachohisi maumivu ya mwili mzima hakijui kuhisi yake.

Kwa nini nilikuwa macho? Kwa sababu mkono wangu ndio uliowaongoza. Mahali wanapopatafuta ni padogo sana. Wanapitisha waya polepole, wanausikiliza kwa spika, na mimi pia nilisikia: ubongo wangu ukinguruma kama mvua inayoanza juu ya bati. Kila hatua wananiambia niinue mkono, nichore duara, nihesabu, nitaje miezi. Wakipeleka umeme mahali pabaya, ulimi unakuwa mzito au fikra zinapotea. Wakiupeleka mahali pazuri, mkono unatulia. Kwa hiyo wananitazama mambo mawili: mkono na akili. Shikeni hilo, ndilo lililozaa kasheshe.

Ikafika wakati daktari akasema, "Inua mkono."

Nikainua. Ukainuka. Ukakaa hewani, kimya. Niliutazama kama ninavyomtazama mwanafunzi mtukutu aliyekaa ghafla bila kuambiwa, nikingojea afanye kitu. Haukufanya kitu.

Muuguzi akaniletea kikombe cha maji, kimejaa karibu na ukingo. Nikakipokea. Maji yakasimama. Sikumbuki mara ya mwisho kuona uso wa maji uliosimama ndani ya kikombe nilichokishika mimi. Taa ya darini ilikuwa imo mle, nzima, duara kabisa.

"Kunywa," daktari akasema.

Na mimi, kwa furaha hiyo, nikafanya alivyonilea baba yangu. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya watu, nimepewa kinywaji, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilikuwa na mkono wa kufanya mambo kwa adabu. Nikamnyooshea daktari kikombe, taratibu, bila kudondosha tone.

"Wewe kwanza," nikasema.

Daktari akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Unayaogopa maji?"

"Siyaogopi."

"Kwa nini hunywi?"

"Kwa sababu wewe hujanywa."

Wakatazamana juu ya barakoa zao. Nikasikia neno la Kiingereza ambalo nililijua vizuri, maana nililifundisha: walisema nimechanganyikiwa. Mmoja akasema labda nina hofu ya kuwekewa sumu. Nikaona hapa nisaidie kwa maelezo. "Ndiyo, sumu!" nikasema kwa bidii. "Kwetu ni kwa ajili ya sumu!"

Hilo halikusaidia.

Daktari akasema jambo kwa msaidizi wake, umeme ukapunguzwa, na mkono wangu ukaamka pale pale. Maji yakanimwagikia kifuani. Nikaelewa wanachofikiri: kwamba waya umegusa akili yangu, na kwamba wataanza kuusogeza kutoka mahali pale, mahali pekee duniani ambapo mkono wangu umewahi kukaa kimya. Nililiona koti la kijivu. Nilimwona Konsolata na kile kitambaa. Nikataka kueleza, na Kiingereza chote nilichofundisha kikaniacha, neno kwa neno, kama wanafunzi waliosikia kengele.

"Salum," nikasema. "Mwiteni Salum!"

Wakamwita. Waliingiza kitu kirefu kilichovishwa kijani kuanzia utosini hadi viatuni, ndevu zimebanwa na barakoa.

"Mwalimu, umefanya nini tena?"

"Nimekataa maji. Waambie habari ya kuonja."

Akaelewa mara moja. Biashara yake yote ya Ngara ameifanya juu ya vibuyu vilivyoonjwa na wengine, yeye akinywa soda. Akawaeleza, kwa mikono na kwa Kiingereza cha sokoni: kwao huyu, anayekupa ndiye anayeonja kwanza; ukinywa kabla hajaonja, umejidharau au unataka kufa. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ya mtu mwenye busara: "Basi tujaribu. Umeme urudi palepale. Mmoja wetu aonje. Akinywa, akili yake ni nzima na waya uko mahali pake. Asipokunywa, nitausogeza."

Lakini nani aonje? Wao walikuwa wamevaa barakoa na glavu safi. Hawangeweza kuzishusha juu ya kichwa kilicho wazi. Macho yote yakamgeukia Salum, aliyesimama kule pembeni karibu na mlango.

Salum akanitazama. Nje kulikuwa mchana mweupe.

"Ramadhani hii yote," akaniambia kwa Kiswahili, polepole. "Biriani nimezishinda. Wali wako wa ndoo nimeushinda. Sasa nashindwa na maji ya bomba?"

"Salum, acha. Nitakunywa tu, wataona."

"Ukinywa bila kuonjewa wataona umetii. Hawataona una akili." Akaigeukia kona, akashusha barakoa. "Msafiri ana ruhusa," akasema, si kwangu. "Bismillahi."

Akanywa funda moja kwenye kikombe kilichojazwa upya. Muuguzi akaniletea kikombe. Mkono wangu ukakipokea, ukakileta mdomoni, umenyooka kama rula. Nikanywa yote.

Daktari akatikisa kichwa, huku na huku, taratibu. Safari hii nilijua maana yake.

Kurudi

Walinilazia betri kifuani, karibu na bega, ndogo kama kiberiti kilichonenepa, na baada ya kidonda kupona wakarekebisha nguvu zake. Mkono wa kushoto haukuguswa. Bado unacheza, kwa kuwa walitibu upande mmoja tu. Nimeambiwa nijihadhari na sumaku kubwa na ile milango ya uwanja wa ndege inayopiga kelele. Pale uwanjani nilimwambia mlinzi kwamba nina umeme kichwani. Salum akanisihi siku nyingine nionyeshe kadi kwanza, ndipo niongee, kwa maana nusura tuikose ile ndege.

Kizuizini, yule askari kijana alikuwapo. Akanitambua licha ya kipara.

"Shikamoo, mzee. Leo hutetemeki. Umeshakunywa?"

Nikapata nilichokikosa safari ya kwenda: muda. Msafara haukuwa tayari. Nikamweleza yote, kuanzia mwimbaji wa kwaya hadi betri, nikamgusisha kifua. Alipomaliza kusikiliza akasema shangazi yake wa Keza ana mkono wa namna hiyo na wamemnyima kushika watoto. Nikamwandikia jina la yule daktari wa kambini. Nililiandika mwenyewe, na likasomeka.

Kibuyu cha pili

Mavuno ya kahawa yakapita, nao wakaja. Koti la kijivu lilikuwa limefuliwa. Watu walijaa hadi chini ya michungwa, maana Mabawe haijapata umeme bado, na wengi walikuja kumwona mtu aliyekitangulia kijiji kuupata.

Salum alikuja pia, akaketi karibu na mlango. Nilipompelekea soda mapema, alikataa.

"Nimefunga."

"Leo? Siku ya sherehe yangu?"

"Nailipa ile siku yako. Nimechagua leo makusudi, ili ukinywa unione."

Kibuyu kikaletwa. Konsolata alisimama mlangoni, na niliona ameshika kile kitambaa, amekikunja kidogo nyuma ya mgongo, alikuwa amejiandaa. Nikainua kibuyu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto, uliotakiwa kushika kiwiko kwa heshima, ukaanza ngoma zake, lakini wa kulia haukumsikiliza ndugu yake. Nikaonja mbele ya macho ya Mzee Fabiani. Nikameza. Nikampa.

Mzee Fabiani alikuwa ameukodolea mkono wangu macho, akiufuata hewani kama mtu anayefuata nyuki. Hakukitazama kibuyu. Alikipokea kikiwa kimeinama, na pombe ikamiminika juu ya koti.

Konsolata akapita katikati yetu, akampa mkwe wake mtarajiwa kitambaa, kwa mikono miwili.

"Pole, baba," akamwambia. "Hata kwetu hutokea."

Mzee Fabiani alicheka wa kwanza, ndipo tukaruhusiwa sote. Mengine mnayajua, mlikuwapo, na mlikula.

Mimi nataka kumalizia na kile ambacho wengi hamkukiona, kwa kuwa mlikuwa mnacheza. Jua liliposhuka nyuma ya migomba, nilichota maji kwenye mtungi, nikakijaza kikombe karibu na ukingo, nikavuka uwanja mzima, kati ya wachezaji, hadi kwa Salum. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nilisimama mbele yake, nikaonja funda moja akiniona, nikampa.

Alikitazama kikombe kwanza. Maji yalikuwa yamesimama.

"Bismillahi," akasema, akanywa yote.